Barua ya wazi kwa wakubwa wa upelelezi: ile kandambili yetu iko wapi?

Kwa wakubwa wa Wizara ya Mambo ya Ndani, wakubwa wa upelelezi Kanda Maalum ya Dar es Salaam, na yeyote aliyeshika funguo ya stoo ya vielelezo.

Shikamooni wakubwa, na mlio rika langu habari za kazi.

Mi ni mama wa genge, nauza nyanya, vitunguu, dagaa na mkaa wa kupima huku Ilala ya mwisho mwisho, yani ukishuka Banana unapanda gari nyingine, ukishuka hiyo unapanda boda, mashimo yakianza kukurusha ujue umekaribia. Sio mwanasheria, sio mwanaharakati, naandika kama ninavyoongea, mtanivumilia. Toka 2018 usiku silali vizuri, sababu ntaisema huko mbele, na usingizi ukikata nachukua simu nasoma kesi za wauaji wa nchi za watu. Sio kwamba napenda damu jamani, natafuta tu kujua hawa watu huwa wanakamatwaje. Mume wangu ananiambia utachanganyikiwa mama, namwambia bora nichanganyikiwe nikiwa najua.

Sasa iko kesi moja ya Perth, Australia, hiyo nimeirudia mpaka nimeikariri na ndo imenifanya niwaandikie. Perth kwenyewe ukitazama ramani ni jirani kwa namna yake, bahari ni hii hii ya Hindi, sisi tuko huku wao wako ng'ambo.

Kule kuna mtaa unaitwa Claremont, wa watu wenye nazo, una mabaa na klabu za usiku, fananisha na Masaki. Januari 1996 binti wa miaka 18 katoka klabu usiku wa manane, kaingia kwenye kibanda cha simu kapiga kuita taksi, taksi inafika binti hayupo. Mpaka leo mwili wake haujapatikana. Juni mwaka ule ule akapotea wa pili, miaka 23, kazi yake kulea watoto wadogo, mwili ukaja kuonekana Agosti porini kusini mwa mji. Machi 1997 wa tatu, mwanasheria wa miaka 27, ndo kwanza karudi nyumbani kutoka nje ya nchi, huyu alikutwa Aprili vichakani upande wa kaskazini. Majina yao siyaandiki, wana wazazi wao na walivyokwisha kuandikwa magazetini inatosha.

Polisi wa kule hawakulala, nisije nikawasingizia watu wa watu. Waliunda kikosi kizima wakakiita Macro, wakahoji watu wasio na idadi, madereva taksi kwa maelfu wakaombwa sampuli za vinasaba, yani DNA, kwa sababu mji mzima ulishaamini muuaji ni dereva taksi. Kumbe wapi. Ikapita miaka kumi, ikapita kumi na tano, wapelelezi wanastaafu wanaachiana mafaili. Aliyekuja kukamatwa Desemba 22, 2016, nyumbani kwake Kewdale, ni fundi wa kampuni ya simu ya Telstra, Bradley Robert Edwards, miaka 48, mtu wa kawaida kabisa, ana nyumba yake, ana kazi yake ya miaka na miaka, muda wa ziada anajitolea kwenye klabu ya riadha ya watoto wa huko anakokaa.

Hapa wakubwa kaeni mkao wa kunisikiliza, maana huyu mtu hakutokea hewani. Alikuwa kwenye mafaili yao tangu kijana mdogo.

Miaka ya 1980 mwishoni mtaa unaitwa Huntingdale, wenyeji wakawa wanalalamika kuna mtu anazunguka zunguka usiku, anaiba nguo za kike, mara kaonekana uani kwa mtu kavaa gauni la kulalia la kike, mara mlango umejaribiwa. Mambo ambayo ukiyapeleka kaunta unachekwa. Februari 1988 akaingia chumbani kwa binti wa miaka 18 amelala, akamkalia mgongoni akamziba mdomo, binti wa watu akapambana, jamaa akakimbia, katika kukimbia akaangusha kimono ya hariri, lile vazi la Kijapani kama joho. Wakati huo ana miaka 19.

Mei 1990 kaenda kikazi kwenye hospitali moja kushughulikia simu, akamvamia kwa nyuma mama mmoja wa ustawi wa jamii aliyekaa mezani kwake anafanya kazi, akamsokomezea kitambaa mdomoni. Alipokamatwa mfukoni akakutwa na vile vifungio vya plastiki vya kubania waya. Mahakamani ikahesabika shambulio la kawaida, akapewa miaka miwili ya uangalizi nje, na kazi yake akabaki nayo. Yani bosi hakuona shida. Mimi nikifika hapo huwa nazima simu kwanza natulia, afu naendelea.

Februari 1995, binti wa miaka 17 anatembea kwa miguu usiku kutoka klabu pale Claremont, akanyakuliwa, akafungwa kwa waya wa simu, akapelekwa makaburini Karrakatta akabakwa, akaachwa hai.

Kwa hiyo hata kabla binti wa kwanza hajapotea, huyu mtu ana tukio la 1988, ana la 1990, ana la 1995. Mojawapo jina lake limeandikwa kabisa na alama zake za vidole zimechukuliwa. Lakini jalada la nguo za kike liko kabati hili, la hospitali liko kabati lile, la makaburini liko kwingine kabisa, na hakuna aliyeyakalisha meza moja yakasalimiana.

Yalisalimiana yenyewe polepole. Chini ya kucha za yule mwanasheria, maana alipigana yule dada, kulibaki chembe za aliyemuua, na kucha zenyewe kuna muda ziliwekwa pembeni kama kitu kisichofaa kupimwa, hadi 2008 zikapelekwa maabara Uingereza ndo vikapatikana vinasaba vya mwanaume. 2009 vikalingana na sampuli ya yule binti wa makaburini. Sawa, wamejua ni mtu mmoja, lakini nani? Ikabaki hivyo miaka mingine saba. Halafu 2016 wakaitoa ile kimono ya 1988 wakaipima, ikajibu, mtu yule yule. Wakarudi sasa kwenye matukio yote ya zamani ya Huntingdale, kuna nyumba ilijaribiwa kuvunjwa 1988 zikachukuliwa alama za vidole mlangoni wakati ule ule, sasa wakazipitisha kwenye kumbukumbu zao, zikamwangukia Edwards kwa sababu ya ile kesi ya hospitali. Wakamfuatilia kimya kimya mpaka jumba la sinema, kanywa Sprite katupa chupa, wakaiokota chupa, wakapima. Ndo basi.

Nataka muione hiyo kimono wakubwa. Miaka 28. Ndani ya miaka 28 watu wamepandishwa vyeo, wamehamishwa, kuna waliozikwa, na hakuna aliyesema hili tambara linajaza kabati tulichome, hakuna aliyeibeba kumpelekea mkewe. Na kesi iliyoihusu haikuwa ya mauaji, hata kuibiwa hakuibiwa mtu, ni binti alishtuliwa usiku akapambana mtu akakimbia. Huku kwetu hiyo ni stori ya asubuhi kisimani, basi.

Sasa yangu.

Mei 2018, masika, umeme umekatika toka jioni. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anakaa kwangu anasoma chuo, ana miaka 19, analala chumba cha uani. Asubuhi tukakuta wavu wa dirisha umekatwa kwa wembe, sio kuchanwa, umekatwa upande mmoja na chini, taratibu, kama mtu anafungua bahasha yenye hela ndani. Nikasema wezi wa upondo hao. Wakazi wa Dar mnawajua, anapitisha mti mrefu kwenye nondo anakuvulia simu, pochi, suruali, wewe umelala. Lakini simu ya mdogo wangu ilikuwa juu ya meza, karibu na dirisha kuliko kitu chochote, na ipo. Kilichokosekana ni khanga na chupi mbili zilizokuwa zimeanikwa kwenye kamba humo humo ndani kwa sababu ya mvua, na hiyo kamba iko mbali kuliko meza. Mtu kaikwepa simu na upondo wake akaenda kuvua chupi.

Tukashona wavu. Wiki haijaisha karudi, mdogo wangu anashtuka shuka linavutwa polepole, akapiga yowe moja mpaka leo nalisikia. Mume wangu katoka na panga, jamaa karuka ukuta wa jirani, kwenye tope akaacha kandambili moja ya mguu wa kushoto, ya bluu, kisigino kimelika, ule mkia wa kamba unaopita katikati ya vidole ulishakatika ukazuiliwa kwa chini na msumari.

Kulipokucha watu wakajaa, na mnajua watu wakijaa. Kuna kijana alikuwa anauza maji na mkokoteni, mgeni mgeni hivi, hana ndugu mtaani, anaingia kila uwanja, basi ikatosha, nilisikia kwa masikio yangu mtu anaulizia tairi. Mzee mjumbe wetu, Mungu amrehemu, akasema kwa sauti yake ile ya chini, leteni kwanza hicho kiatu. Kijana akakanyagishwa, kisigino chote kikabaki nje na vidole viwili vimening'inia pembeni. Mzee akamwambia kila mtu apite aangalie. Watu wakapita mmoja mmoja kama wanaaga maiti, wakaangalia mguu, wakaondoka. Kijana alihama siku ile ile na mkokoteni wake akauacha.

Kwa hiyo ile kandambili ilishaokoa roho ya mtu kabla hata ya kufika polisi, ndo maana naililia.

Tukaipeleka kituoni. Kituo sikitaji na mtaa wangu sitautaja, sitaki afande yeyote aonekane mbaya peke yake, inawezekana ingekuwa kokote. Nikaulizwa mmeibiwa nini, nikasema khanga na chupi mbili, kaunta nzima ikacheka, na mama mmoja wa benchini akacheka pia. Simu je? Nikasema simu kaiacha. Afande akaweka kalamu chini akasema, mama, mwizi gani huyo anaacha simu? Jamani, ndo hicho nilichotoka nyumbani kuja kumwambia! Nikapewa RB, namba ya taarifa ya polisi, kwenye kipande cha karatasi, imeandikwa wizi wa nguo. Kandambili ikawekwa chini ya kaunta, haijaandikwa jina, haina namba wala mfuko.

Mwezi wa nane mwaka ule ule, mama mmoja mwenye mtoto mchanga, mumewe dereva wa malori yuko safari, aliingiliwa ndani usiku. Alipigana, alijeruhiwa mikono, mtu akakimbia, Mungu mkubwa alibaki mzima. Nilienda kumpa pole, mwanamke mwenzangu, nikakaa kwenye mkeka pale chumbani kwake, macho yangu yakaenda dirishani. Wavu umekatwa upande mmoja na chini. Kama bahasha.

Nikamuuliza umeripoti wapi, akanitajia kituo kingine kabisa, maana kwake ukivuka bonde tu unahesabika Temeke. Ninyi mnajua zaidi yangu, mji wetu kipolisi umegawanywa mikoa mitatu, Ilala, Kinondoni, Temeke, na huku nje mipaka yenyewe inapita mashambani na mabondeni, mtu akitoka Msongola akaingia Mbande keshabadilisha mkoa wa kipolisi na kandambili zake hizo hizo mguuni. Mhalifu anavuka kwa dakika tano na jalada halivuki.

Kesho yake nikarudi kwenye kile kituo cha kwanza kuwaambia, mbona hili na lile letu ni mkono mmoja. Nikakalishwa benchi. Nimekaa pale namwona askari kijana anatoka chooni, mguu wa kulia kandambili nyekundu, mguu wa kushoto ya bluu. Nikasema moyoni kandambili za bluu ziko nyingi Dar es Salaam. Akapita mbele yangu, nikasikia kitu kinagonga kwenye sakafu, tik, tik, tik, nikainama kama naokota hela. Msumari.

Nikasema afande samahani, hiyo ya kushoto ni kielelezo. Akaangalia mguu wake, akaniangalia mimi, akasema, mama, hizi ni za chooni.

Basi. Sikusema tena. Nilikaa kidogo nikaondoka, hata hilo la wavu sikulisema siku hiyo, nilivunjika nguvu, na hilo ni kosa langu nalikiri. Yule mama alirudi kwao Mkuranga na mtoto wake. Mdogo wangu akahamia hosteli. Aliyekata wavu hajulikani, anaweza kuwa amekufa, anaweza kuwa mteja wangu ananunua nyanya za mia tano kila jioni.

Mtu atasema huyu mama analinganisha vitu visivyolingana, Australia matajiri wana maabara, sisi hatuna. Hapana. Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara hapa hapa mjini anapima vinasaba, tunasikia kila siku kesi za baba halali wa mtoto. Sheria ya vinasaba vya binadamu tunayo toka 2009. Polisi wenyewe mna kamisheni nzima ya uchunguzi wa kisayansi. Na 1988 hata hao wa Perth hawakuwa na mashine ya kuiambia ile kimono iseme, walichokuwa nacho ni kabati na mtu aliyeandika lebo. Mashine ilikuja baadaye ikakuta kitu kinamsubiri. Sisi mashine imeshafika, kitu cha kupima tumekivaa kwenda nacho chooni.

Kabati ni shilingi ngapi? Bahasha ya kaki ni shilingi ngapi? Sio mfuko wa plastiki, nguo yenye unyevu ukiifungia kwenye plastiki inaota ukungu na ushahidi unaoza, hilo hata mi nililisoma kwenye simu usiku. Kila dawati la jinsia likae na bahasha za karatasi, kila kitu kinacholetwa kiandikwe kimetoka wapi, lini, nani kakipokea, na akija kukichukua mtu mwingine asaini. Mi genge langu nina daftari la wanaokopa dagaa za mia tano na sijawahi kumpoteza mtu. Sijui mnanielewa.

Na mtu akija na kesi ya chupi msicheke. Narudia, msicheke. Kigoma 2019 akina mama walilalamika kuhusu wale waliopewa jina la teleza, wanaume wanajipaka mafuta wasishikike, wanaingia usiku wanabaka, na ilichukua muda na kelele nyingi mpaka wakasikilizwa, maana kila tukio lilionekana ni aibu ya mwanamke mmoja na nyumba yake. Marekani naye yupo Joseph DeAngelo, alianza na kuvunja nyumba za watu na kuiba vitu vidogo vidogo, hereni moja hivi, akaja kubaka, akaja kuua watu 13, kila wilaya na faili lake, kakamatwa 2018 akiwa mzee wa miaka 72, na katikati ya maovu yake hayo alikuwa askari polisi. Hilo la askari nalitaja tu, msinune.

Kuhusu alama za vidole, Januari 2020 nchi nzima tulipanga foleni tukabonyeza vidole ili laini zisifungwe, na NIDA tulishabonyeza kabla. Vidole vyangu vimesharekodiwa kuliko sura yangu. Lakini dirishani kwangu hakuna aliyekuja na unga wa kuchukua alama ya kidole hata kimoja, na nondo zile alizishika, alama za tope zilikuwepo. Sisemi mfungue data za watu ovyo, hapana, mi mwenyewe sitaki. Edwards alipatikana kwenye kumbukumbu za watu waliokwisha kutiwa hatiani, basi. Nachosema ni kwamba kidole kikibaki mlangoni kwa mtu kije kuchukuliwa, hata kama kilichoibiwa ni khanga, kikae, siku moja mwenyewe atapita.

Na msije mkasikia haya mkaenda kukamata vijana kwa fujo. Kule Perth yuko mtumishi mmoja wa serikali alifuatwa na polisi miaka na miaka, kila mtu mjini akajua ndo yeye, kamera mlangoni kwake, hakuwahi kushtakiwa, akafa 2018, hukumu hakuiona. Kila nikimsoma namkumbuka kijana wa mkokoteni. Yeye hakuwa na mzee wa kusema leteni kiatu.

Halafu mahakama. Kesi ya Edwards ilianza Novemba 25, 2019, mbele ya Jaji Stephen Hall, peke yake bila lile jopo la raia wa kawaida wanaloliita jury, ikaenda miezi saba na mashahidi zaidi ya 200, sababu vitu vyote vilikuwa vimekaa tayari. Kabla haijaanza, mwezi wa kumi, mshtakiwa mwenyewe alikiri lile la kimono na lile la makaburini, vinasaba vilishamfunga mdomo. Wakaleta mpaka nyuzi, yani nyuzi za kitambaa cha suruali za kazi za Telstra na nyuzi za ndani ya gari aina ya Holden Commodore, zilizokutwa kwenye miili na nywele za marehemu. Gari lenyewe alilokuwa akiendea kazini lilishakuwa mikononi mwa mtu mwingine, likasakwa likapatikana. Septemba 24, 2020 akatiwa hatiani kwa mauaji ya wawili, yule wa 23 na yule mwanasheria. Kwa binti wa kwanza, wa miaka 18, jaji akasema ushahidi hautoshi, akamwachia kwa shtaka hilo. Hukumu ina kurasa zaidi ya 600. Desemba 23 akapewa maisha, na asifikiriwe kuachiwa kwa masharti mpaka imeisha miaka 40.

Hapo kwa binti wa kwanza nililia kwa ajili ya wazazi wake, lakini nikamheshimu yule jaji. Hakuna mwili, hakuna kucha, hakuna uzi, basi hawezi kusema. Huku kwetu ndugu wa marehemu wanapanda daladala kwenda mahakamani kusikia upelelezi haujakamilika, mwezi unaofuata haujakamilika, mshtakiwa kasota mahabusu miaka na mauaji hayana dhamana, na siku unakamilika hakuna kilichobaki cha kumwonyesha jaji zaidi ya maneno. Nairobi hapo jirani 2024 walitoa miili ya wanawake kwenye shimo la takataka Kware, hatua chache kutoka kituo cha polisi, mtuhumiwa akakamatwa mwezi wa saba, mwezi wa nane katoroka mahabusu na wenzake 12. Tulicheka sana huku mitandaoni. Mi sikucheka, nilikuwa nawaza msumari.

Ombi langu ni hilo la bahasha na kabati na daftari, na wapelelezi wa mikoa yenu mitatu wawe wanakaa angalau mara moja kwa mwezi wasomeane haya matukio madogo madogo ya madirishani, ya kamba za nguo, ya mtu kavaa gauni uani, haya ambayo hakuna anayeyataka. Wakaguzi kata mmewaleta, vizuri, basi wapewe daftari la hayo, sisi akina mama tutawaletea, tunayo mengi kuliko mnavyodhani, hatuyasemi tu kwa sababu ya kile kicheko cha kaunta.

Kandambili najua haipo tena, itakuwa ilishatupwa na taka za choo. Ila siku ile ya kwanza, kabla hatujashona wavu, mume wangu alikata kile kipande kilichokuwa kinaning'inia akitaka kukitupa, nikakichukua. Nilikiweka kwenye bahasha ya kaki, nikaandika tarehe kwa bik, Mei 2018, dirisha la uani, na jina langu. Na yule mama kabla hajaenda Mkuranga alinipa cha kwake, nacho kiko kwenye bahasha yake. Ziko juu ya kabati, nyuma ya sanduku la vyombo vya harusi, watoto wameambiwa wasiguse. Mkitaka kuzichukua njooni, nipo gengeni kuanzia saa kumi na moja alfajiri, ila nitaomba anayezichukua anisainie.

Mama wa genge,
Ilala, Dar es Salaam